Mtoto kwenye Keria

Neno "keria" na jina "Kariakoo" yana asili moja. Yote mawili yametokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mbebaji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waafrika wengi walichukuliwa kulibebea mizigo jeshi la Waingereza. Kikosi cha wabebaji hao kilipiga kambi Dar es Salaam, mahali ambapo leo pana soko kubwa. Jina la kikosi, likitamkwa kwa ulimi wetu, likawa Kariakoo.

Kazi ya kubeba haijaisha hapa. Kila asubuhi utawaona wapagazi wenye magunia mabegani. Utaona mikokoteni. Utaona guta, yaani baiskeli za magurudumu matatu za kupakia mizigo. Na mimi ni mbebaji. Mzigo wangu ni mjukuu wangu wa miaka mitano. Kila siku ya shule nampeleka kwa baiskeli kutoka Kariakoo hadi karibu na Posta. Ni mwendo wa kama kilomita mbili. Mabasi ya asubuhi hujaa, na mtoto mdogo hubanwa katikati ya miguu ya watu wazima.

Majirani huniuliza, "Babu, huogopi magari?" Nawajibu kwamba naogopa. Kwa sababu naogopa, najiandaa.

Kuiandaa baiskeli

Hatari ya kwanza haiko barabarani. Iko kwenye baiskeli yenyewe. Mtoto akikaa kwenye keria tupu, miguu yake huning'inia karibu na spoku za gurudumu la nyuma. Baiskeli ikiyumba, au mtoto akisinzia, mguu huingia katikati ya spoku. Kisigino huchanika. Pengine mfupa huvunjika. Mtoto wa jirani yangu aliumia hivyo, akakaa wiki nyingi bila kukanyaga chini.

Kwa hiyo, kabla ya kumpakia mjukuu, nilikwenda kwa fundi.

"Fundi, nataka kiti cha mtoto juu ya keria."

"Mzee wangu, mbona watoto wote hukaa kwenye keria hivi hivi?"

"Wote hukaa, lakini si wote hushuka na visigino vizima."

Fundi akacheka, kisha akachomelea kiti cha vyuma vyembamba. Kina mgongo, kina mahali pa kushika, kina mkanda wa kiunoni. Chini aliweka vyuma viwili vya kukanyagia. Pembeni mwa gurudumu alifunga wavu mgumu, ili mguu usifike kwenye spoku.

Pengine kijijini kwenu hakuna fundi wa kuchomelea. Shona turubai au gunia gumu, ulikaze kila upande wa gurudumu kutoka kwenye keria kushuka chini. Hakikisha haligusi spoku. Kazi hiyo ni ya saa moja tu.

Yako mambo mengine ya kukumbuka:

Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipandishwe baiskeli. Shingo yake bado haijakaza, na mitikisiko humwumiza. Mama anayempeleka mtoto mchanga kliniki ni heri atembee.

Ncha ya kanga au ya shuka isiachwe ikining'inia. Ikinaswa na mnyororo au gurudumu, wote wawili huanguka.

Usimwache mtoto juu ya baiskeli iliyosimama kwa stendi, hata kama unanunua kiberiti tu. Mtoto akigeuka, baiskeli hulala chini naye.

Jaribu breki kila asubuhi. Siku ya mvua nenda polepole zaidi, kwa maana gurudumu likilowa breki huchelewa kukamata.

Kofia ngumu ikipatikana, mvalishe mtoto. Kichwa kikigonga lami hakina fundi.

Kuchagua njia

Njia fupi kwa mtu aliye peke yake huenda ikawa mbaya kwa mwenye mtoto. Sipiti Mtaa wa Msimbazi wala Mtaa wa Uhuru saa za asubuhi. Napita mitaa midogo mpaka Mtaa wa Lumumba, kisha naambaa viwanja vya Mnazi Mmoja. Barabara ya Bibi Titi Mohamed ni pana na magari yake yana haraka. Hapo nashuka. Naisukuma baiskeli, mtoto akiwa juu yake, nami nimeshika usukani kwa mkono mmoja na kiti chake kwa mkono wa pili. Tunatazama kulia, kushoto, na kulia tena. Yeye ndiye anayesema, "Babu, sasa." Lakini miguu yangu huenda macho yangu nayo yakikubali.

Ng'ambo ya pili mitaa ni myembamba na magari yameegeshwa pande zote mbili. Naendesha mbali na magari hayo kwa urefu wa mkono, kwa maana mlango hufunguliwa bila taarifa. Tukifika Mtaa wa Azikiwe, karibu na Posta Mpya, tunakuwa tumefika.

Jumapili zisizo na magari

Jiji hili halikuwa na magari mengi hivi siku zote. Nilikuwa mtoto hapa Kariakoo katika miaka ya 1970. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda sana duniani, na nchi yetu haikuwa na fedha za kigeni za kutosha. Baadaye serikali ilikataza magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa yenye kibali. Amri hiyo ilidumu kwa miaka kadhaa.

Wenye magari walinung'unika. Sisi watoto tulifurahi. Baba alinipakia kwenye baiskeli yake, tukaenda mpaka kwenye Sanamu ya Askari, kisha tukateremka baharini. Tulisikia kengele za baiskeli, na watu wakisalimiana kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili. Nilijifunza kuendesha baiskeli Jumapili hizo, katikati ya lami, bila mtu kunipigia honi.

Nchi ya Uholanzi nayo ilipata Jumapili kama hizo. Zilianza Novemba 1973, kwa sababu ya shida hiyo hiyo ya mafuta. Lakini Waholanzi walikuwa na uchungu mwingine pia. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani katika nchi yao, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walikasirika. Waliandamana, wakaziba barabara, wakadai mitaa ambayo mtoto anaweza kupita bila kuuawa. Polepole njia za baiskeli zikajengwa. Siku hizi wazazi wengi kule huwapeleka watoto shule kwa baiskeli yenye sanduku mbele. Ni kama guta letu, ila ndani wamekaa watoto.

Kwetu, mafuta yaliporudi, magari yalirudi pia, na Jumapili zile zikasahaulika. Hata hivyo jambo moja limefanyika. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Pembeni zilijengwa njia za waendao kwa miguu na za baiskeli. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi katika njia hizo utakuta pikipiki, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Njia haiwezi kujitetea. Inataka watu wa kuisemea.

Kazi ya mmoja na kazi ya wote

Nimejifunza kwamba usalama wa mtoto una pande mbili. Kiti, wavu, breki na mwendo wa polepole ni kazi yangu mwenyewe, wala simsubiri mtu. Lakini barabara siwezi kuitengeneza peke yangu. Hata ningekuwa mwangalifu namna gani, dereva mmoja mwenye haraka anaweza kuniondolea mjukuu.

Kijijini ni vivyo hivyo. Wavu wa gurudumu ni wako. Lakini kichaka kinachoziba kona, daraja la miti lililooza, na barabara ya mbele ya shule isiyo na matuta, hayo ni ya kijiji kizima. Yapelekeni kwenye mkutano wa kijiji. Yasemeni kabla mtoto hajaumia. Kufyeka kichaka ni kazi ya asubuhi moja, na majembe mnayo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ni hatari mtoto kukaa kwenye keria tupu?
2. Katika kijiji chenu, watoto hupita njia gani kwenda shule? Ni mahali gani pana hatari zaidi?
3. Ni jambo gani mnaloweza kulitengeneza wenyewe wiki hii? Ni lipi la kupeleka kwenye mkutano wa kijiji?