Mfuko wa Safari ya Siku kwa Mama Mwenye Mtoto Mgongoni



Juma hili tunazungumza juu ya kitu kidogo: mfuko. Hatusemi kitunga cha soko kinachobebwa kichwani, wala gunia linalofungwa nyuma ya pikipiki. Tunasema ule mfuko mdogo wa mama mwenyewe, anaotoka nao asubuhi na kurudi nao jioni, ambamo mnakaa karte yake, pesa yake, maji na nguo ya mtoto. Wengi wetu tunauchagua kwa rangi au kwa bei, tena haraka haraka. Lakini siku ya mvua, siku ya homa ya mtoto au siku ya kukimbia, mfuko huo ndio unaoonyesha kama tulichagua vizuri.

Safari yao na safari yetu

Neno safari limetembea sana. Lugha yetu ya Kiswahili ilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyotoka Zanzibar na pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe. Wazungu waliotembea na misafara hiyo walilichukua neno wakaenda nalo kwao. Leo, huko Ulaya na Marekani, mtu akisikia "safari" anawaza kukaa ndani ya gari lenye paa wazi, kule Serengeti au Masai Mara, na kutazama simba na tembo.

Wageni hao wanapewa mashauri mengi juu ya mfuko wa mchana. Wanaambiwa uwe mdogo, ukae karibu na miguu ndani ya gari. Uwe na zipu, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu nyani wanajua kunyakua chakula. Usiwe mweusi wala wa buluu, kwa sababu rangi hizo zinaita mbung'o. Na mara nyingi wanaambiwa kwamba mfuko wa kubeba mgongoni ndio bora kuliko yote.

Kwetu Maniema pia kuna hifadhi ya wanyama, Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016. Ndimo anamoishi lesula, tumbili ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2012, ingawa wawindaji wa huko walimjua tangu zamani. Lakini sisi wamama hatusafiri kwa kutazama wanyama. Safari yetu ni soko, shamba, kliniki ya watoto, masomo ya watoto, kilio cha ndugu. Mashauri ya wageni si ya kutupa, maana vumbi tunalo na mbung'o tunao. Ila aliyeyaandika hakumwaza mama wa huku. Mgongo wa mama huyu una mtoto. Kichwa chake kina kitunga. Mkono wake mmoja unamshika mtoto wa pili. Basi mfuko utakaa wapi? Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya bei na kabla ya uzuri.

Njia tunayopita

Tunaijua njia yetu. Wakati wa kiangazi, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, vumbi jekundu linaingia kila mahali, hata ndani ya kitambaa kilichokunjwa mara tatu. Mvua zikirudi, vumbi lile lile linakuwa matope, pikipiki inazama, na abiria anashuka kutembea kwa miguu. Kuna madaraja ya miti ambayo mama anavuka akiwa anatazama chini. Kuna mito ya kuvuka kwa mtumbwi, ambapo mfuko unakaa mahali maji yanapokusanyika. Mtu anayetoka kwa safari ya siku moja anaweza kulala njiani bila kupenda.

Njia hii imebeba wanawake na mizigo yao tangu zamani. Kule Nyangwe, kando ya mto Lualaba, kulikuwa soko kubwa la wamama. Walivuka mto na vyungu, samaki, kuku na mihogo. Livingstone alilikuta soko hilo mwaka 1871 na kuandika habari zake. Tarehe 15 Julai mwaka ule, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua bunduki katikati ya soko. Mamia ya watu waliuawa kwa risasi au walizama mtoni wakijaribu kukimbia, na wengi wao walikuwa wanawake. Tunapowaambia binti zetu namna ya kusafiri, tusisahau kwamba wamama waliotutangulia walikwenda sokoni kama sisi, wakitafuta chakula cha nyumba.

Mfuko ukae wapi mwilini

Kama una mtoto mgongoni, chagua mfuko wenye mkanda mrefu mmoja. Mkanda upite begani, ukate kifua, na mfuko ulale mbele ya tumbo au ubavuni. Hapo unauona, unaufungua bila kumshusha mtoto, na mwizi wa sokoni hawezi kuukata bila wewe kujua. Mkanda uwe mpana, angalau vidole vitatu. Mkanda mwembamba unakata bega, na mama anayetembea saa nne atarudi na maumivu ya shingo.

Jaribu mfuko ukiwa umemfunga mtoto, si ukiwa umesimama mwenyewe. Mkanda usipite juu ya uso wake wala chini ya shingo yake. Inama kama unachota maji: mfuko ukikupiga magoti au ukianguka mbele, fupisha mkanda.

Kwenye pikipiki kuna hatari nyingine. Mkanda unaoning'inia unaweza kuingia kwenye gurudumu la nyuma, na ncha ya kitenge vile vile. Kabla ya kupanda, kusanya mkanda na kitenge, ukalie ncha zake, na weka mfuko kati yako na dereva. Usiuache upande wa bomba la moshi, maana linaunguza kitambaa na linaunguza mguu.

Mfuko wa mgongoni si mbaya. Ni mzuri kwa binti anayeenda masomo, kwa bibi ambaye hambebi mtoto, na kwa mama ambaye mtoto wake anatembea mwenyewe. Uzito unagawanyika mabegani mawili na shingo inapumzika. Lakini ndani ya soko uugeuze uwe kifuani.

Uzito

Kumbuka hesabu hii: lita moja ya maji ni kilo moja. Ukibeba lita moja na nusu, tayari una kilo moja na nusu kabla ya kuweka kitu kingine. Kama kitunga kiko kichwani na mtoto yuko mgongoni, mfuko usizidi kilo tatu. Mama mwenye mimba apunguze zaidi, na kitunga chake abebe mwingine.

Mfuko mkubwa unadanganya. Ukiona nafasi, utajaza. Mfuko wa siku unatosha ukiwa na upana wa mikono miwili iliyowekwa pamoja, na urefu wa mkono kutoka ncha ya vidole mpaka kukaribia kiwiko.

Rangi, na habari ya mbung'o

Shauri hili la wageni tulishike kwa nguvu. Mbung'o, yule inzi anayeuma mchana na kuleta ugonjwa wa malale, anavutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana watu wa afya wanaotega mbung'o wanatumia vitambaa vya buluu na vyeusi. Mitego hiyo inawekwa kando ya mito, penye kivuli, na hapo ndipo sisi tunapochota maji, kulowanisha mihogo na kufua nguo.

Basi mama asinunue mfuko wa buluu iliyokolea au mweusi akauvaa karibu na uso wa mtoto. Rangi ya udongo, ya kijivu au ya majani makavu inafaa zaidi, na vumbi letu halionekani sana juu yake. Rangi peke yake haizuii ugonjwa. Mtu mwenye homa inayokwenda na kurudi, kichwa kinachouma siku nyingi na tezi zilizovimba nyuma ya shingo, aende kituo cha afya kupimwa damu. Asingoje mpaka usingizi wa mchana umshike. Siku hizi malale yanatibiwa hata kwa vidonge, na anayefika mapema anapona vizuri.

Kitambaa na mshono

Usitazame ua lililochorwa mbele. Geuza mfuko ndani nje. Vuta mahali mkanda unapokutana na mfuko, kwa sababu hapo ndipo mifuko mingi inapokatika. Mshono uwe wa mraba wenye msalaba katikati, si mstari mmoja. Fungua na funga zipu mara kumi. Kama inakwama dukani, itakwama zaidi vumbi likiingia. Kipande cha sabuni kavu au mshumaa kikipakwa kwenye meno ya zipu kinaisaidia kuteleza.

Kitambaa kizito cha jinzi au cha turubai kinadumu, na fundi cherehani anaweza kukishona kutoka suruali ya zamani. Kipande cha turubai ndani, chini ya mfuko, kinazuia maji ya mtumbwi. Mfuko wa plastiki mwepesi hautufai. Unapasuka, na unaziba mifereji. Tena serikali yetu ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 ya kukataza mifuko ya plastiki. Tanzania nayo iliikataza tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo anayevuka ziwa kwenda Kigoma asifike nayo.

Vikapu vya wasusi wetu tusiviache. Kikapu kina hewa, kinafaa kwa chakula na mboga. Kwa karatasi hakifai, kwa sababu hakifungwi na hakizuii mvua. Kila kimoja kina kazi yake.

Ndani ya mfuko

Tumekubaliana kwamba vitu vigawanyike mara tatu.

Kwanza, vitu visivyolowa: karte ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, fishi ya chanjo ya mtoto, fishi ya kliniki ya mimba, na karatasi ya namba za simu za ndugu wawili, maana simu inaweza kuzimika. Vifungwe katika mfuko mdogo wa plastiki mgumu, au ndani ya kipande cha turubai kilichoshonwa, viwekwe upande wa mwili.

Pili, vitu vya haraka: maji ya kunywa, chakula kidogo cha mtoto, kitambaa safi, kipande cha sabuni, pakiti ya unga wa chumvi na sukari wa kutibu kuhara. Kama pakiti haipo, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi, vinafanya kazi hiyo hiyo.

Tatu, vitu vya kulala njiani: kitenge cha pili, taa ndogo, na dawa kwa yule anayemeza dawa kila siku.

Pesa isikae yote mahali pamoja. Ya nauli ikae karibu, ya soko ikae chini, na kidogo kibaki katika fundo la kitenge kiunoni, kama mama zetu walivyofanya.

Mfuko unaongoja karibu na mlango

Kuna neno ambalo si jepesi. Kule Salamabila na sehemu nyingine za Kabambare, familia zimekimbia mapigano zaidi ya mara moja. Wale waliopokelewa katika nyumba zetu wametueleza jambo lile lile: hakukuwa na muda wa kutafuta. Aliyekuwa na karatasi zake mahali pamoja alizichukua. Aliyekuwa amezitawanya, moja sandukuni, moja kwa shemeji, alifika bila jina na bila fishi ya mtoto. Mtoto asiye na fishi, muuguzi hajui amepata chanjo gani. Mama asiye na karte anasimamishwa kwenye kila kizuizi cha njia.

Kwa hiyo, ukirudi jioni, usiumwage mfuko na kuuacha mtupu. Toa chakula, osha chupa, kausha kitambaa, halafu rudisha karatasi mahali pake. Utundike mfuko penye msumari mmoja, usiku na mchana, na watoto wakubwa wajue mahali hapo. Homa ya usiku nayo haingoji mtu atafute taa.

Tufanye nini pamoja

Katika mkutano unaokuja, kila mama alete mfuko anaotumia sasa, na vitu vyake vya kila siku ndani. Tutaupima kwa mizani ya soko, tutavuta mikanda, tutageuza mishono. Tusichekane, mwenye mfuko uliokatika ndiye atakayetufundisha mahali unapokatikia. Halafu tutachagua umbo moja na kulipeleka kwa mafundi cherehani wetu. Tukinunua kitambaa pamoja, bei inashuka, na pesa inabaki kijijini. Wa kwanza kupata wawe wenye mimba na wenye watoto wa mgongoni, na wale waliotufikia bila kitu.

Wanaojua kushona waje na uzi mnene na sindano kubwa. Wenye suruali za jinzi zilizochakaa wasizitupe. Tukutane salama.