Gari la Theluji na Njia ya Lemera

Theluji hatuijui sisi wa Lemera; mvua ya mawe ndiyo ndugu yake wa pekee atutembeleaye. Basi wanafunzi wetu walicheka tulipowasimulia habari za wenzao wa Marekani, ambao katika mashindano yaliyoanza mwaka 2000 walibuni magari ya theluji, na mengine yakaendeshwa kwa umeme. Kicheko kilikoma walipojua sababu. Huko Greenland, katika kituo cha Summit, wataalamu huchunguza hewa na theluji safi, na moshi wa petroli huweza kuiharibu kazi yao.

"Nasi tutengeneze la kupandishia wagonjwa," akasema kijana mmoja.

Nani kati yetu hajaweka bega chini ya kipoyi, kutoka uwanda wa Ruzizi hadi hospitali mlimani, mama mjamzito akiugua juu yake?

Tukashika chaki. Mkokoteni pamoja na mgonjwa, kilo 300. Kupanda meta 500: wati-saa 408 hivi. Betri ya gari ya voliti 12 na amperi-saa 60 ina wati-saa 720. Yatosha! Twakiri kwamba tulijisifu. Msichana aliyeketi nyuma akauliza, "Mwalimu, na matope je?" Tukamjibu kwa ukali kwamba hesabu imekwisha.

Usiku neno lake lilitunyima usingizi. Jumamosi, baada ya mvua, tuliupakia mkokoteni mawe hata ukafika kilo 300, tukafunga mizani kwenye kamba, tukauvuta mahali pasipo mwinuko. Pakavu, kilo 12. Penye matope, 45. Kilometa 4 za matope hayo hudai wati-saa 490 nyingine, na betri imekwisha kabla ya kufika. Kuongeza betri ni kuongeza uzito. Kumbe ni taabu ile ile ya wale wa Marekani: theluji laini huzuia chombo, na baridi huipunguzia betri nguvu.

Tulimwomba binti yule radhi mbele ya wenzake.

Huko Makerere, wanafunzi na walimu wao walitoa Kiira EV mwaka 2011, gari la umeme la watu wawili. Lakini lami ya Kampala si njia yetu. Binti sasa anachora magurudumu mapana na betri ya lithi, iliyo nyepesi kuliko ya risasi. (Kobalti ya Kolwezi imo katika nyingi za betri hizo, nazo huturudia kwa bei tusiyoiweza.) Mvua ikinyesha tena, tutarudi njiani na mizani.