Kasenyi: Bakteria ana mkia, lakini panga ndilo linalomsafirisha

Mama mmoja mkulima wa Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, alikata mgomba ulionyauka, akaona maji mazito ya manjano yakitoka kwenye shina. Akafuta panga kwa jani, akaendelea na mgomba wa pili. Mpaka sasa amepoteza nusu ya shamba.

Huo ni mnyauko wa migomba, unaoletwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Ulitambuliwa Ethiopia mwaka 1968; mwaka 2001 ulionekana Uganda na Masisi, Kivu Kaskazini. Bakteria huyu ana mkia mmoja. Jeni zake ndizo zinazoamuru mkia uundwe na uzunguke, naye huogelea kwenye unyevu, lakini mwendo mfupi sana. Kutoka mgomba hadi mgomba hubebwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, miche yenye ugonjwa, na panga.

Sasa mama huyo hupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ua dume hulivunja kwa kijiti chenye panda. Migomba iliyobaki ndiyo minervali ya watoto wake. Jeni za bakteria hawezi kuzizima, panga analiweza.