Lebo ya Bei Kwenye Kisigino

Splinti ya mwanangu niliivua mimi. Hakuna aliyenishauri.

Ana mtindio wa ubongo, na msuli wa shavu la mguu wa kulia umekaza hata akawa anachuchumia. Alitengenezewa splinti ya plastiki ya kushika kifundo na kukalisha kisigino chini, avae kila siku. Ikaingia Juni. Joto la Muscat mnalijua. Jioni nikiivua naona wekundu kifundoni, mtoto analia, na mimi baba mwenye huruma nikamwambia mama yake tuipumzishe mpaka joto lipungue. Tukaenda Salalah, mvua za msimu wa khareef zinanyunya, joto hakuna. Splinti ilibaki kabatini nyumbani, Al Khoud.

Kibaya zaidi, nilifurahi. Bila splinti alikwenda mbio, kisigino juu, nami nikawatumia ndugu zangu Unguja video waone maendeleo. Wakajibu mashaallah.

Nilishtukia mlangoni mwa msikiti, nikimwokotea viatu. Kiatu cha kulia kilikuwa kimelika soli ya mbele. Chini ya kisigino, lebo ya bei bado imeganda, riali zinasomeka. Nikamkalisha palepale kwenye ngazi, nikamnyoosha goti, nikausukuma unyayo juu. Haukuja. Nikasukuma tena. "Baba, basi."

Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, lakini mguu hubadilika: mfupa unarefuka, na msuli uliokaza haurefuki nao kwa kasi ileile, kwa hiyo kila mtoto anapovuta kimo kisigino nacho hupanda. Wekundu usioondoka kwa nusu saa ulitaka splinti irudishwe kwa fundi, aipashe moto, aitanue. Niliona uvivu.

Alifungwa plasta, ikibadilishwa ili kuuvuta unyayo kidogo kidogo. Haikutosha. Akafanyiwa upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino, kwa tahadhari, maana ikirefushwa mno mtoto huanza kutembea amekunja magoti. Alikosa sehemu kubwa ya muhula. Daktari alisema wapo wanaovaa kila siku na bado hufika kwenye kisu. Inawezekana. Wangu hakuvaa.

Splinti mpya ina picha za papa, kachagua mwenyewe. Soksi ndefu ya pamba kwanza, kisha namkunja goti msuli ulegee, nakisukuma kisigino mpaka kikae, ndipo nafunga mkanda. Akilalamika tunaivua, tunatazama saa. Wekundu usipoondoka, asubuhi tuko kwa fundi.