Sakania: Kompyuta yataja aliyeiamsha usiku

SAKANIA, Haut-Katanga – Hapa mpakani na Zambia, lori halivuki bila kuacha karatasi forodhani. Kijana mmoja anayejaza hati za malori hayo hakujua kwamba hata kompyuta yake huandika nani amepita.

Asubuhi tatu mfululizo aliikuta ndani ya mfuko ikiwa na joto, betri imekwisha. Jioni alikuwa ameilaza ikiwa imejaa. Umeme hakuna, madereva wanangoja hati. Chumbani analala na ndogo yake wa miaka 12.

“Unaifungua usiku kucheza.”

“Yaya, si mimi.”

Siku ya tatu mtoto alichapwa.

Fundi rafiki yake alimwuliza, “Kompyuta yenyewe umeiuliza?” Inatumia Linux. Mashine ikilala, kiini cha mfumo, yaani keneli, huacha vifaa vichache macho: kitufe cha kuwashia, kibodi, saa ya ndani. Kimoja kikituma ishara, mashine huamka, na keneli huandika namba ya ishara hiyo katika faili /sys/power/pm_wakeup_irq. Orodha ya /proc/interrupts huonyesha namba hiyo ni ya kifaa gani. Lakini betri ikifa, habari hiyo hupotea. Lazima uiwahi.

Usiku wa nne kijana aliijaza kwa jirani mwenye paneli ya jua, akaulaza mfuko kando ya kitanda, akakesha. Saa nane ya usiku mfuko ukaanza kuvuma. Ndogo yake alikuwa anakoroma.

Akaifungua, akasoma namba: 8. Kwenye orodha, 8 ilikuwa rtc0, saa ya ndani. Kibodi ilikuwa na namba 1.

Hapo akakumbuka. Mwezi uliopita yeye mwenyewe alitega kengele ya saa nane, kompyuta iamke itume nakala za hati wakati mega ni rahisi. Umeme ulipokatika, mtandao wa nyumbani ulizimika nao; programu ikawa inajaribu na kujaribu mpaka betri inakufa.

Kengele aliifuta usiku uleule. Kulipokucha alimwita ndogo yake mbele ya mama, akamwomba msamaha.

Mtoto alikubali, kisha akauliza, “Yaya, mashine umeiamini mara moja. Mimi nilikuambia siku tatu.”

Kijana hakuwa na jibu.