Sinema Isiyo na Steringi

Ndugu msomaji, kila aliyekulia pwani hii anaijua sheria ya kwanza ya sinema: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa baharini, atafungwa kamba juu ya reli, lakini mwisho atasimama na kujipangusa vumbi. Katika vibanda vya video, tunapolipa shilingi chache kumsikiliza DJ Afro akitupigia domo juu ya mapigano ya Kihindi na ya Kichina, hatuulizi sinema inahusu nini. Tunauliza, "Steringi ni nani?" Akishaonyeshwa, roho zetu zinatulia. Wengine wote waliomo ni wa kuuawa, wa kuokolewa au wa kuchekesha tu.

Muhula uliopita mlezi wa chama chetu alituletea sinema ya Kitanzania iitwayo T-Junction. Tuliitazama bwaloni Ijumaa jioni, shuka jeupe likiwa ndilo pazia. Imeongozwa na Amil Shivji wa Dar es Salaam, ambaye babake ni Profesa Issa Shivji, yule mwanasheria mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka wa 2017 ndiyo iliyofungua Tamasha la Filamu la Zanzibar. Baada ya nusu saa hivi, minong'ono ilianza. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alishindwa kustahimili, akauliza kwa sauti, "Sasa steringi ni nani hapa?" Bwalo zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, ila swali lile halijanitoka, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Kisa chenyewe ni hiki. Msichana aitwaye Fatima amefiwa na babake, mtu wa asili ya Kihindi ambaye hawakuwa karibu. Kuna msiba nyumbani, lakini Fatima hajui amlilie vipi mtu ambaye hakumjua sawasawa. Huko hospitalini anakutana na Maria, msichana mwenye majeraha, wasiyejuana hata kwa salamu. Maria anaanza kumsimulia habari za njiapanda moja ya mji na watu wa pale, watu wanaotafuta riziki ya leo kwa leo, wanaopendana, wanaogombana na wanaopoteza. Fatima anakwenda zake, lakini siku nyingine anarudi ili asikie yaliyobaki. Ndivyo wanavyozoeana, mmoja akisema na mwingine akisikiliza.

Basi tukipelekwa kwenye njiapanda tunamsahau Fatima, na tukirudishwa kwa Fatima tunajiuliza wale wa njiapandani wamefikia wapi. Nyanya yangu, ambaye ni msusi wa mikeka, angeielewa sinema hii upesi kuliko sisi. Mkeka hausukwi wote kwa pamoja. Ukili mmoja husukwa peke yake, na mwingine peke yake, hata ukiutazama huoni mkeka. Mkeka huonekana kili zikishashonwa.

Aina hii ya sinema haikuanza Dar es Salaam. Huko Marekani, Jim Jarmusch alitengeneza Mystery Train mwaka wa 1989, habari za usiku mmoja katika mji wa Memphis. Mna vijana wawili wa Kijapani, mjane wa Kiitaliano, na wanaume watatu waliolewa. Hawajuani, lakini hoteli yao ni moja, na wote wanasikia mlio mmoja wa bastola. Mwaka uliofuata Richard Linklater akaonyesha Slacker, aliyoipigia katika mji wa Austin, Texas, kwa dola 23,000 hivi, pesa ambazo Hollywood ni za chai. Kamera inamfuata mtu mmoja barabarani, akipishana na mwingine inamwacha na kumwandama yule mpya, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Wa kwanza harudi tena, na wa mwisho hamjui wa kwanza.

Kwa nini watu wasio na pesa nyingi hupenda kutengeneza sinema za namna hii? Naona sababu ni nyepesi. Asiye na pesa hawezi kumlipa nyota, wala kulipua magari kumi. Alicho nacho ni barabara ya mtaani kwake, na barabara haina steringi. Shivji mwenyewe, kabla ya T-Junction, alikuwa amepiga filamu fupi iitwayo Shoeshine, mwaka wa 2013, juu ya kijana anayeng'arisha viatu jijini Dar es Salaam. Mnyonge na mwenye nacho, wote hufika pale na kunyoosha mguu. Hapo ukata ulimfunza mtu kutazama.

Sasa ndugu msomaji, nawe mwanafunzi mwenzangu wa Bongwe, hebu tutoke bwaloni tukapande bodaboda mpaka Ukunda. Barabara kuu inayotoka Likoni hupita pale ikielekea Msambweni na Lunga Lunga, kisha ikavuka mpaka kwenda Tanga, na ukizidi kuifuata utafika hiyo hiyo Dar es Salaam. Pale Ukunda huungana na barabara ya kushuka Diani, kwenye hoteli na bahari. Moja inapita na nyingine inaishia pale, yaani herufi T kabisa. Sisi tunayo T yetu, na tunaipita kila siku tukikimbilia matatu.

Mama yangu aliuza mahamri na mbaazi za nazi karibu na njiapanda hiyo kwa miaka saba. Kulia kwake palikuwa na mama wa Kikamba aliyeuza maembe na ndizi. Kushoto palikuwa na mzee wa madafu. Nyuma alikaa kijana fundi wa simu, ambaye meza yake haikuwa pana kuliko dawati langu. Wafanyakazi wa hoteli walikula pale asubuhi wakienda zamu. Makanga walikula wamesimama, mkono mmoja umeshika hamri na mwingine unapiga bodi la gari. Kuna waliokula kwa deni wakalipa, na kuna waliokula kwa deni wakahamia Mombasa.

Asubuhi moja lilikuja tingatinga. Waliolileta walisema wamekwisha kutoa ilani, na kwamba barabara inataka nafasi yake. Sina nia ya kuandika hapa nani alikuwa na haki, maana gazeti la chama si mahakama. Naandika nilichokiona. Mabati mawili yalikunjika kama karatasi ya peremende. Mama alikuwa amewahi kuondoa sufuria ya mbaazi, ameishika kwa leso kwa sababu ilikuwa ya moto, na hakuwa na mahali pa kuiweka. Alisimama nayo hivyo hivyo. Mzee wa madafu ndiye aliyempokea, wakaiweka chini ya mwembe, na walioiona wakala mbaazi za mwisho bila kulipishwa.

Kisha watu wakatawanyika. Wiki mbili baadaye, yule mama wa maembe alifika nyumbani kwetu Bongwe kutujulia hali. Nyanya akamtandikia mkeka barazani. Nilikuwa ndani nikifanya kazi ya ziada ya hesabu, lakini masikio yangu yalikuwa nje. Walizungumza tangu alasiri mpaka magharibi. Mgeni alisimulia kwao Kitui, na mtoto wake wa kwanza aliyemzika huko kabla ya kuja pwani. Mama alimsimulia habari za marehemu baba, mambo mengine ambayo hata mimi sikuwa nimeyasikia. Alipoondoka, Mama alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Miaka saba tumeazimana chumvi na chenji, mwanangu. Leo ndiyo namjua."

Wallahi, nilipomwona Maria akimsimulia Fatima, sikuhitaji kuelezwa na mtu. Nilikuwa nimekwisha kuyasikia mazungumzo yale barazani kwetu.

Tulipojadili sinema hii chamani, wengi waliilalamikia. Mmoja alisema haieleweki inaanzia wapi. Mwingine alisema ni ya huzuni mno, na mtu hutazama sinema ili asahau shida zake, si kukumbushwa. Hoja hiyo ya pili ina uzito, na siwezi kuipuuza. Mama yangu angepewa nafasi ya kuchagua, angetaka sinema ya kumchekesha. Tena kusimuliwa hakukumrudishia kibanda. Leo anapika mahamri nyumbani na kuyatembeza kwa beseni, na miguu yake humuuma jioni. Hadithi haiondoi maumivu ya miguu, na anayesema hadithi hutibu kila kitu hajawahi kubeba beseni.

Hata hivyo, naomba wenzangu mtazame Fatima anapata nini. Hapati pesa, wala babake hafufuki. Lakini yule msichana ambaye msiba wake ulikuwa umemkaa kifuani kama tonge lisilomezeka, anajifunza namna ya kuomboleza kwa kusikiliza maombolezo ya wengine. Watu wa njiapandani hawakuwa ndugu zake, na wengi wao hakupata kuwaona kwa macho. Amewajua kwa mdomo wa Maria tu. Hivyo jibu langu kwa mwenzetu wa Kidato cha Pili ni kwamba, kama ni lazima pawe na steringi, basi ni huyu anayerudi kusikiliza. Asingerudi, Maria angenyamaza, na watu wa njiapanda wangeishia pale pale. Katika sinema hii mtu anaweza kufa, ila habari yake haifi maadamu kuna aliyerudi kuiulizia.

Shivji hakuishia hapo. Mwaka wa 2021 alitoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, nayo ikaonyeshwa Toronto, Kanada. Ni Kiswahili kile kile tunachokosolewa kwa kalamu nyekundu, na watu wa mbali walikaa kimya kukisikiliza. Wenzetu wa Dar husema mama ntilie pale sisi tunaposema mama wa kibanda, husema daladala pale sisi tunaposema matatu, husema konda pale sisi tunaposema makanga. Maneno yanatofautiana kidogo, lakini njiapanda ni ile ile.

Kwa hivyo ninalo pendekezo kwa chama chetu, na nimekwisha kumweleza mlezi. Kamera hatuna, na hatuna hata robo ya zile dola 23,000. Lakini madaftari tunayo. Kila mwanachama amtafute mtu mmoja aliyekuwa akikaa pale kwenye T ya Ukunda, amsikilize, na aandike anayoambiwa kwa maneno ya mwenyewe na kwa ruhusa yake. Mzee wa madafu sasa yuko upande wa Kona ya Musa. Fundi wa simu anasemekana kuwa Likoni. Mama wa maembe tunayo namba yake. Toleo lijalo tuzishone kili hizo tuone mkeka utakuwaje.

Mimi nimeanza na Mama. Nilipomweleza, aliendelea kukanda unga kwa muda, kisha akaniuliza, "Na hayo atayasoma nani?" Nikamwambia, walimu na wanafunzi wenzangu, Mama, labda mia tatu. Akafikiri kidogo. "Basi andika," akasema, "lakini usisahau kwamba mbaazi zilikuwa bado za moto."