Symi na Mali ya Chini ya Bahari

Boti kutoka Rhodes ilipita kando ya miamba mikavu, kisha ikakunja kona kuingia bandari ya Yialos. Majumba yakajitokeza ghafla, moja juu ya jingine hadi kilimani, ya manjano na ya buluu iliyopauka, yenye vipaji vya pembetatu kama mahekalu. Sikuwahi kufika Symi, Ugiriki, kabla ya hapo. Nikajiuliza: kisiwa kisicho na mto wala mashamba ya maana kilipata wapi utajiri huu?

Jibu linauzwa gatini: sifongo. Nilichukua moja mkononi, nyepesi kama pamba, matundu tele.

Kwa karne nyingi vijana wa hapa walizamia uchi kuitafuta baharini, wamekumbatia jiwe bapa lililofungwa kamba, kwa pumzi moja tu. Mwaka 1863 likaletwa vazi la kuzamia, lenye kofia ya chuma na bomba la hewa. Mavuno yakafurika, wafanyabiashara wakajenga. Lakini mzamiaji akipandishwa upesi kutoka kina kirefu, gesi iliyoyeyuka katika damu hugeuka mapovu. Wengi walikufa, wengine wakapooza miguu wangali vijana.

Mwaka 1900 nahodha Dimitrios Kontos na wazamiaji wake wa Symi walijikinga na dhoruba kwenye kisiwa cha Antikythera. Mmoja wao, Elias Stadiatis, alizamia, akaibuka akitetemeka, akisema ameona maiti za watu na farasi. Kumbe ni sanamu za meli iliyozama kale. Kazi ya kuziopoa ilimuua mzamiaji mmoja na kuwapoozesha wawili. Humo ndimo ilimopatikana mashine ya shaba nyeusi yenye magurudumu ya meno, iliyokokotoa mizunguko ya jua na mwezi na nyakati za kupatwa. Inaitwa kwa jina la Antikythera. Kwangu mimi, heshima yake ni ya Symi pia.

Nilipanda Kali Strata, ngazi pana za mawe ziendazo Chorio, mji wa juu. Huko juu majumba mengi yamebaki kuta tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliishi kisiwani watu wapatao 20,000. Leo ni kama 2,500. Waitaliano walikitwaa kisiwa 1912, biashara ikanywea, watu wakahama. Baada yao wakaja Wajerumani, waliosalimisha visiwa vya Dodecanese, Symi kikiwa kimojawapo, hapahapa Symi, tarehe 8 Mei 1945, na 1948 vikaungana rasmi na Ugiriki.

Sasa mafundi wanayafufua majumba kwa sura yake ya zamani. Natamani kando ya kila mlango wachonge pia majina ya wazamiaji walioulipia.